Mifupa ya Wifi Yangu

Wifi yangu anaitwa Unyoya. Wazazi wake walimpa jina la heshima kabisa, lakini siku hizi ukimwita kwa hilo anachelewa kugeuka. Unyoya ni jina la kundi la dansi, na aliyempachika ni mwenye kundi, mzee mmoja mkavu anayevaa shati jeusi lililofungwa vifungo hadi kooni hata kwenye jua la utosi. Neno nidhamu halimtoki mdomoni, kwa hiyo mimi namwita Bwana Nidhamu. Wao wanamwita Mwalimu, tena wakilitamka wanashusha sauti, kama watu walioingia chumba chenye mgonjwa.

Niseme mapema ili tusidanganyane: mtu huyo simpendi, na sijampenda tangu siku ya kwanza alipoingia saluni kwangu kukagua vichwa vya wasichana wake. Mimi ndiye ninayewasuka kabla ya kila onyesho. Alizunguka katikati ya viti, mikono nyuma, akapitisha kidole kwenye fremu ya kioo changu, akakitazama kidole, kisha akatangaza, "Nidhamu huanzia kwenye vumbi." Saluni yangu inafagiliwa kutwa. Vumbi alilolipata, kama alilipata, alikuja nalo mwenyewe, maana ukumbi wao wa mazoezi uko juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na saruji inapanda ngazi zile kama mpangaji.

Huo ukumbi wenyewe nimeuona. Vioo vimegongewa ukutani vipande vipande, ukijitazama unajikuta kichwa kiko huku na shingo iko kule. Madirisha hayafunguliwi, eti jasho ndilo linalofundisha. Kwenye kona kuna ndoo ya maji yenye kikombe kimoja cha bati, na kunywa ni mpaka Mwalimu aitikie kwa kichwa. Watu wazima, wengine wana watoto nyumbani, wanasimama foleni wakisubiri mzee aitikie kwa kichwa ndipo wameze mate yao. Wasichana wakitoka humo wamekauka midomo, wanachechemea, na bado wanacheka kama waliotoka harusini. Sijui nani kawaroga.

Unyoya aliingia kundini akiwa bado anavaa sare za shule. Mama mkwe alipofariki akahamia kwetu, chumba cha nyuma, na hapo yupo mpaka leo na miaka yake thelathini na kitu. Kwamba anajua kucheza, hilo sitalikana. Akiinua mkono tu, hata mume wangu, ambaye ni bingwa wa kusinzia penye kelele, huacha kusinzia. Tatizo langu halikuwa mkono. Tatizo langu lilikuwa sahani.

Wifi yangu alikuwa hali chakula. Alikuwa anakaa mezani, hilo ndiyo, kwa adabu zote, halafu anakisukuma chakula kutoka upande huu kwenda upande ule kama anayetafuta pete iliyopotea. Ukimwambia "Kula, wifi," anajibu, "Nimeshiba," na bado hajatia kitu mdomoni. Maziwa ndiyo kabisa, hakutaka hata kuyaona kwenye chai. Bwana Nidhamu aliwafundisha kwamba maziwa ni chakula cha ndama na mayai ni ya wagonjwa. Mcheza dansi, kwa mafundisho yake, anakula tango, anakunywa maji kwa ruhusa, na anashukuru.

Sasa nieleze jambo ambalo watu hawaliamini mpaka niape. Katika kundi lile, msichana akikonda mpaka siku zake za mwezi zikakoma, hawaogopi. Wanamsherehekea. Wanasema ameiva. Na mwenye kuiva anachukua pedi zilizobaki kwenye mkoba wake, anawagawia wasichana wadogo ambao bado hawajafika, mmoja mmoja, na wao wanapiga makofi.

Nimeona kwa macho yangu, saluni kwangu, kichwa kikiwa mikononi mwangu. Msichana nimemsuka nusu, nusu nyingine imesimama kama imeona kitu, akanyanyuka kitini, akafungua mkoba, akaanza kugawa. Wenzake vigelegele. Mimi nikadhani ana mimba, nikampa hongera na kumuuliza anajifungua lini. Walicheka mpaka mmoja akagonga kichwa kwenye drai. Ikabidi Unyoya anieleweshe, kwa upole, kama anayemwelewesha mtoto.

"Wifi, mwili ukishajua kazi yake unaacha mambo ya kipuuzi. Mimi niligawa zangu zamani. Mwalimu alikuja mwenyewe kunishika mkono."

"Akakushika mkono kwa lipi?"

"Kwa kuiva."

Nikachana nywele, maana ningefungua mdomo ningepoteza wateja wote wa kundi zima kwa mpigo. Lakini moyoni nilijisemea: mwili wa watu unafunga duka kwa kukosa bidhaa, nao wanashangilia kwamba leo hakuna fujo dukani. Na huyo mwanamume anayewashika mikono, anajua nini kuhusu siku za wanawake?

Mguu wa Unyoya ndio uliotangulia kuharibika. Ulimuuma chini ya vidole, akaufunga bendeji, akacheza. Ukavimba, akaukaza zaidi, akacheza. Nilipomwambia aende hospitali aliniletea neno la Bwana Nidhamu lililopakwa mafuta: "Maumivu ni mlango." Mlango wa kwenda wapi, hakusema. Ulipopona wenyewe, ukarudi kuuma palepale, nao wakasema ni mlango wa pili. Jamani, nyumba gani hiyo ya milango tu?

Halafu ikaja asubuhi ya kikohozi. Alikuwa amepita saluni kuoshwa nywele, ameegemeza shingo kwenye sinki, povu limemjaa. Kifua kilikuwa kinamsumbua kidogo, ile saruji yao. Akakohoa. Mara moja, kikohozi cha kawaida ambacho wewe na mimi tungekohoa tukaendelea na maongezi. Nikasikia mlio mdogo, kijiti cha kiberiti kikivunjika ndivyo kinavyolia, na wifi yangu akakamata mkono wangu wenye sabuni, akakodoa macho, asiweze hata kuvuta pumzi ya kulia.

Ubavu umevunjika. Kwa kikohozi!

Hospitali tulimkuta daktari wa kike, kijana, mwenye sauti ya chini na haraka. Akamuuliza, "Ulianguka, dada?" Unyoya akasema hapana, alikohoa. Daktari akatazama picha ya eksirei, akamtazama mwenye picha, akauliza siku zake za mwisho alizipata lini. Na hapo, nisikilize vizuri, wifi yangu akatabasamu. Yuko kitandani, ubavu mmoja umekatika, jasho linamtoka, akatabasamu kwa fahari na kusema, "Hayo nilishayamaliza zamani, daktari. Mimi ni mcheza dansi." Daktari akaweka kalamu chini. Akasema anataka apigwe picha nyingine, ya kupima uimara wa mifupa yenyewe, na majibu tutayafuata kwenye kliniki ya mifupa.

Ungedhani mtu aliyevunjwa ubavu na kikohozi chake mwenyewe atapumzika. Wapi! Jumamosi iliyokuwa inakuja ilikuwa maadhimisho ya kundi, na katika maadhimisho hayo kuna kitu wanakiita Mruko. Mchezaji anapanda jukwaa la juu, anajirusha kinyumenyume, mgongo ukiwaelekea watu, na wanaume wanampokea chini, kama watampokea. Wakikosea, sakafu itampokea, hiyo haikosi. Bwana Nidhamu alikuwa ameahidi mbele ya wote kwamba atakayeruka mwaka huu ndiye atakayemrithi na kuliongoza kundi. Na akamchagua Unyoya. Alimvika kilemba cha ukoka, naye akakivaa mpaka kikamziba macho.

Nilimuuliza kama amemweleza mzee habari ya ubavu. Amemweleza. Mzee kasemaje? "Kwani unaruka kwa mbavu?" Ndiyo jibu alilopewa, na wifi yangu akanisimulia akicheka kidogo, ameshika kifua.

Jikoni kwangu tukagombana. Nilikuwa namenya viazi na kisu nilikuwa nacho mimi, kwa hiyo nilizungumza kwa kujizuia.

"Wewe Unyoya, ukitua vibaya?"

"Sitatua vibaya."

"Ulikohoa vibaya?"

Akainama. "Wifi, hujui. Maisha yangu yote nimesubiri kundi lile. Sina mume, sina mtoto, sina cheti. Nisiporuka Jumamosi, kuanzia Jumapili mimi ni nani? Ni yule dada anayekaa chumba cha nyuma."

Nikamgeukia mume wangu aseme neno, yeye ndiye kaka mtu. Mume wangu ni mtu wa amani, yaani mwoga. Alikuwa anakaza skrubu ya mpini wa sufuria, skrubu ambayo haikulegea. Akasema, "Tumwachie mwenyewe, mke wangu. Mdogo wangu ni mtu mzima. Na Mwalimu anaijua miili yao kuliko sisi." Nikakata kiazi kile mpaka kikawa uji. Nilimwonea huruma yule msichana, na huruma yenyewe ilinikasirisha, kwa sababu aliyenyimwa chakula miaka yote ile alikuwa mbele yangu akimtetea aliyemnyima.

Siku ya majibu, Alhamisi, nilifunga saluni nikamsindikiza. Angekwenda peke yake angerudi na hadithi nusu. Daktari yuleyule alitukalisha, akatugeuzia kioo cha kompyuta, akatuonyesha uti wa mgongo na nyonga kwa ncha ya kalamu.

"Dada, mifupa hii ni ya bibi," akasema. "Na wewe si bibi."

Akaeleza polepole, na mimi niliyeacha shule mapema nikaelewa, kwa hiyo hakuna wa kusingizia ugumu. Mfupa si jiwe, akasema, uko hai, unabomolewa kidogo na kujengwa kidogo kila siku, na ujana ndio wakati wa kujilimbikizia. Mwanamke asipokula vya kutosha kwa kazi anayofanya, mwili unabana matumizi, unazima uzazi kwanza. Kemikali zile zinazoleta siku za mwezi ndizo zinazoilinda mifupa. Zikizimika, ubomoaji unaendelea na ujenzi unasimama. Kuruka na kukimbia huimarisha mifupa, ndiyo, lakini kwa mtu aliyeshiba. Mguu uliokuwa unauma, akasema, bila shaka ulikuwa na ufa, na aliucheza ufa huo mara mbili.

"Wanaume nao?" nikauliza, kwa sababu nilitaka kujua kuhusu wale wapokeaji.

"Wanaume nao, wakijinyima. Hawana dalili ya kuwashtua mapema, ndiyo tofauti."

Unyoya alikuwa hamsikilizi. Alikuwa anangoja nafasi. "Daktari, nina onyesho keshokutwa. Kuna mruko mmoja tu."

"Usiruke."

"Mmoja."

"Nyonga hii ikivunjika hutacheza tena, na hata kutembea itakuwa kwa kubahatisha. Sikutishi, nakueleza kilichopo. Ukianza leo kula, ukapata dawa, uzito ukarudi, tunaweza kuzuia isizidi kupungua, na kidogo itajijenga. Yote haitarudi. Lakini kuna mengi ya kuokoa."

Wifi yangu akashukuru vizuri, akakunja mikono, tukatoka. Mlangoni tu akaniambia, bila kunitazama, "Naruka. Mwalimu anasema madaktari wanapima vilivyolala, yeye anapima vinavyocheza." Nilitaka kumkamata mabega nimtikise, nikakumbuka nilichokiona kwenye ile kompyuta, nikashusha mikono.

Tukakaa kwenye ukumbi wa kliniki kungoja dawa. Viti vya chuma vya baridi, rangi ya ukuta imebanduka, na bango la mifupa ya binadamu ambalo mtu amelibandika ubani wa kutafuna kwenye goti. Wazee wamejaa, fimbo zimeegemezwa kila mahali. Na mwisho kabisa wa benchi, amegeukia ukuta, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, kuna shati jeusi lililofungwa vifungo hadi kooni.

Alikuwa anakunywa maziwa. Pakiti ya maziwa, na mrija. Pembeni yake, juu ya leso safi iliyotandazwa kwa nidhamu, kulikuwa na mayai mawili ya kuchemsha yaliyokwisha kumenywa. Alikuwa anatafuna la tatu.

Unyoya hakuona haraka. Mimi niliona, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilimgusa tu, nikaelekeza kidevu.

Kabla hajaamini macho yake, mlango wa chumba cha sindano ukafunguliwa, akatoka muuguzi mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

"Mwalimu! Karibu mzee wangu. Leo umewahi. Umekula lakini?"

"Nakula, nakula," akasema Bwana Nidhamu, yai shavuni.

"Ndivyo. Umeona mwenyewe vipimo vya mifupa vilivyopanda tangu uanze sindano na kula vizuri? Ulikuja hapa mgongo umepinda kama mpini wa mwavuli, leo unatembea kama bwana harusi. Mkono gani leo?" Akamshika kiwiko kumnyanyua. "Na wale wasichana wako utawaleta lini? Mwaka juzi nilikwambia, mwaka jana nikakwambia. Wacheza dansi mnaojinyima ndio mnaotangulia kuharibika. Wewe ukasema utawaleta."

"Nitawaleta, nitawaleta."

Na mlango ukafungwa nyuma yao.

Mtu huyu alijua. Si kwamba alikuwa mjinga. Ujinga ningemsamehe, dunia imejaa wajinga na wengine ni jamaa zangu. Aliambiwa, akapimwa, akatibiwa, akanenepeshwa mifupa yake kwa maziwa na mayai, kisha akapanda ngazi zile za saruji kwenda kuwaambia wasichana kwamba maziwa ni ya ndama. Aliwashika mikono wakigawa pedi, na mkono wake mwenyewe una kovu la sindano.

Unyoya alisimama. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alitembea taratibu mpaka mwisho wa benchi, akasimama mbele ya ile leso, akaitazama. Nikamfuata, nikasimama nyuma yake, tayari kwa lolote.

Bwana Nidhamu akatoka amebana pamba mkononi. Alipotuona alisita, mkono mmoja ukaenda wenyewe kuitafuta ile pakiti ya maziwa aifiche, haukuipata. Lakini mtu huyo, nimpe haki yake, hana aibu ya kudumu. Akashusha mkono wa shati, akafunga kifungo, akajinyoosha.

"Haya ni mambo ya uzee," akasema. "Usiyachanganye na yako. Wewe bado kijana."

Unyoya akaendelea kuitazama leso.

"Kesho mazoezi asubuhi na mapema. Jukwaa nimeliongeza kimo, kutoka chini lilikuwa halionekani vizuri. Tiketi zimekwisha, watu wanakuja kwa ajili yako." Akangoja ile "ndiyo, Mwalimu" aliyoizoea. Haikuja. Akaegemea mbele, akashusha sauti, akaifanya laini. "Unyoya. Kundi ni lako. Ni kuruka tu. Utaruka?"

Wazee kwenye benchi wote walikuwa wametugeukia. Unyoya akainama polepole, mkono mmoja ukishika ubavu, akaokota yai moja kutoka kwenye leso. Akalila. Hakulimega wala hakulisukuma huku na kule. Alilitafuna lote, bila haraka, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, na Mwalimu wake akasimama palepale akimngoja amalize. Kisha akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Ruka mwenyewe," akasema.